Nimeletewa ngozi za kulungu kutoka Marekani, mteja anataka koti. Naanzia wapi?

FundiNgamiani
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kazi zangu kanzu, suti na sare za shule. Kuna mzee alikaa Marekani miaka mingi, sasa kajenga Lushoto, na baridi ya kule mnaijua. Kaniletea ngozi sita za kulungu wa huko, tayari zimelainishwa, zinanuka moshi kama samaki wa kubanika. Anataka koti la jadi la wenyeji wa asili wa kule, lenye matamvua mabegani na mikononi, liishie nyongani. Ngozi zenyewe hazina upande unaong'aa, pande zote ni mahameli. Nikijaribu kipande cha pembeni, mashine inaruka nyuzi. Nishone kwa mkono? Nifue huo moshi kwanza? Na sita zitamtosha mtu wa kifua inchi 44?

Msharasi
Fundi, moshi usiuguse! Ngozi hiyo imelainishwa kwa ubongo wa mnyama. Wenyewe huikwangua mpaka tabaka la juu lenye vinyweleo litoke, ndiyo maana huoni mng'ao. Kisha huipaka ubongo, huivuta huku na huku mpaka ikauke, mwisho huifukiza kwa moshi wa mti uliooza. Bila moshi, siku ikilowa ingekauka ikakamaa. Mzee wako anajua alicholeta.

Shona kwa mkono. Cherehani linawezekana ukipata sindano ya ngozi, namba 16 au 18, na hatua ya milimita 3 au 4. Ukifupisha zaidi, matundu yenyewe yanaikata ngozi. Lakini kwa kazi ya jadi, mimi nisingeliwasha. Tafuta sindano yenye ncha ya pembe tatu. Ukiikosa, tangulia na msharasi mwembamba (msharasi wa kutobolea ngozi, jamani, siyo shazia la magunia). Uzi uwe wa kitani, uupitishe kwenye nta ya nyuki. Pini weka mbali, tundu la ngozi halizibi. Bana na vibanio vya kuanikia nguo.

Ninyi mafundi wa vitambaa mna tabia ya kukunja na kukata mara mbili kwa mpigo. Hapa kata moja moja, kiolezo ukigeuze kwa kushoto na kulia. Mgongo wa koti utoke kwenye mgongo wa kulungu. Ubavu na tumbo vinavutika sana, usiviweke begani wala kwapani, utaletewa koti limening'inia. Na kabla ya yote shona koti la kujaribia kwa kitambaa cha marekani, mzee alivae, ulirekebishe, ndipo ushike mkasi wa ngozi.

Matamvua nayo wengi huyabandika juu mwishoni, na yanaonekana hivyo hivyo. Wewe chukua ukanda wa ngozi, uuweke katikati ya vipande viwili vya mshono, ushone vitatu pamoja. Unaukinga mshono usivutwe na kuchanika. Ukiuacha utokeze inchi nne au tano nje, ukimaliza unauchana taratibu kwa mkasi mkali, tayari una matamvua.

MwanaNgoma_Bagamoyo
Sisi huku tunawamba ngoma kwa ngozi ya mbuzi. Naweza kujishonea kizibao kwa hizo hizo?

Msharasi
Ngozi ya ngoma ni mbichi iliyokaushwa tu, si mnaipasha moto ikilegea kwa unyevu? Ukiivaa utatembea na ubao. Ya mbuzi inafaa ikishalainishwa, ila ni ndogo, utaunga vipande vingi.

Bi_Chumbageni
Na asitokee mtu akadhani atajitafutia swala kule Saadani. Ni hifadhi ya taifa ile, mtaona kesi kabla hamjaona koti.

FundiNgamiani
Ahsanteni. Ukanda wa katikati umenifungua akili. Mshono nitaulaza kwa pasi?

Msharasi
Pasi hapana, moto unaikunja. Ugonge kwa nyundo ya mbao juu ya gogo laini. Sita zinatosha kama kulungu hawakuwa wadogo. Zikipelea, punguza matamvua, usiunge mgongo. Na likiisha usimkabidhi kwenye mfuko wa nailoni. Kwa unyevu wetu wa Tanga litaota ukungu kabla halijapanda gari la Lushoto.

FundiNgamiani
Nitalitundika dirishani basi. Bei je, nimtoze kama suti?

Msharasi
Suti mbili, na malipo ya awali uchukue leo.