Naomba ushauri: je, sheria inamruhusu askari kuficha uso?

Fundi wa Kona: Hamjambo, wanajukwaa. Baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2025 hapa Kenya, wanaume wanne waliovaa boshori za kufunika uso walishuka kutoka gari lisilo na nambari za usajili, wakamchukua kijana wa jirani yangu mlangoni mwa duka, na hadi alipoachiliwa siku mbili baadaye hakuna kituo kilichokubali kuwa kilimzuilia. Ninauliza swali la sheria tu.

Wakili Mstaafu: Askari mwenye sare anatakiwa na Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 aweke jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Kuhusu wasiovaa sare, Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu aliamuru mnamo Agosti 2024 kwamba wasifiche nyuso wakati wa maandamano. Tena Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu, na afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24. Lakini wewe ulikuwa wapi, na jibu hili unalitakia nini?

Mama Zaina: Mwaka 2020 asiyevaa barakoa alitishiwa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Mimi nilikamatwa nikiwa nimeishusha kidevuni ili ninywe chai, na aliyenikamata hakuwa nayo hata mfukoni. Kumbe walikuwa wakiziweka akiba.

Mzee Kiti Moto: Kijana aliyetulia nyumbani hachukuliwi na mtu. Tuwalee watoto wetu kwanza, sheria tutaisoma baadaye.

Wakili Mstaafu: Mzee, kijana alikuwa dukani. Fundi, hujanijibu.

Fundi wa Kona: Nilikuwa kibandani kwangu, hatua chache kutoka hapo, na mmoja wao ninamfahamu. Uso sikuuona. Lakini fundi viatu huketi chini, watu huwajua kwa miguu, na buti lake la kulia nililibadilishia soli mwezi wa tano. Uzi mweusi ulikuwa umeniishia, nikashona kisigino kwa uzi wa rangi ya chungwa na kuupaka rangi ya viatu juu. Rangi imetoka, uzi unaonekana. Nina video, na mpwa wangu ataipakia usiku huu pamoja na jina la huyo bwana. Msiniambie nisubiri.

Wakili Mstaafu: Nakuambia usubiri. Uzi si alama ya vidole, na ukikosea utakuwa umemchomea mtu nyumba yake. Video asili ibaki kwenye simu, kisha uandikishe taarifa kwa IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi.

Fundi wa Kona: Yaani yeye amefunika uso, nami niandike jina langu na nambari ya kitambulisho?

Wakili Mstaafu: Lipo Shirika la Kuwalinda Mashahidi, chini ya sheria ya 2006. Liulizie kabla hujaandika lolote.

Mama Zaina: Aende IPOA akiwa amevaa boshori.

Jicho Kavu: Mimi siamini. Watu wanne wanamkokota mtu, naye anakagua mshono wa kisigino? Akaunti yenyewe imefunguliwa jana. Huyu anatunga, au ni askari anayepima nani atasema nini.

Fundi wa Kona: Akaunti ni mpya kwa sababu ninaogopa. Kuhusu mshono, wewe ungeusahau uliouonea aibu siku ulipoushona?

Jicho Kavu: Basi tuonyeshe video.

Fundi wa Kona: Sitaiweka hapa. Sikutaka kusema, lakini jana jioni alikuja kibandani na buti hilo, akataka nifumue ule uzi na kushona upya kwa mweusi. Nilimwambia mweusi umeniishia, arudi kesho. Buti ninalo hapa.

Jicho Kavu: Sasa umezidisha chumvi.

Wakili Mstaafu: Hata kama amezidisha. Fundi, usiuguse uzi huo. Piga picha buti pamoja na gazeti la leo, mzuie mpwa wako, kisha unitumie ujumbe wa faragha kabla kibanda hakijafunguliwa.