Zip yenye nywila imeletwa kwa barua pepe: niikague vipi kabla ya kuifungua?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Ofisini imeingia ankara.zip, na nywila yake imeandikwa humohumo kwenye barua pepe. Antivirusi ya Windows inasema haina tatizo. Niifungue, au niipandishe VirusTotal (tovuti inayokagua faili kwa antivirusi nyingi) kwanza?

Jibu 1
Usiifungue bado, mkuu. Zip ikifungwa kwa nywila, yaliyomo yamesimbwa (hayasomeki bila nywila), kwa hiyo antivirusi imekagua ganda tu. Wahalifu huifunga hivyo makusudi ili ipenye kwenye vichujio vya barua pepe.

Itazame kwa 7-Zip (programu ya kufungua zip) usome orodha tu, usibofye kitu. Kwenye zip majina ya mafaili hayasimbwi, utayaona hata kabla ya kuweka nywila. Ukikuta faili la kuendesha kitu, kama ankara.pdf.exe, .js, .vbs au .lnk (njia ya mkato), futa yote. Hiyo .lnk iangalie sana: Windows huificha hiyo .lnk hata ukiiamuru ionyeshe majina kamili, na alama ya PDF inaweza kubandikwa juu yake. 7-Zip haifichi.

Jibu 2
Naongezea. Kama ndani kuna PDF pekee, itoe (kutoa si kuendesha), ikague kwa Defender (antivirusi ya Windows), kisha andika kwenye Command Prompt:

certutil -hashfile ankara.pdf SHA256

Utapata hashi, yaani alama ya utambulisho wa faili, ya herufi na tarakimu 64. Itafute hiyo VirusTotal, usipandishe hati yenyewe: wateja wanaolipia huduma ile wanaweza kuipakua, na ankara ina siri za watu. Tena chukua hashi ya faili la ndani. Zip ikifungwa upya kwa nywila nyingine hashi yake hubadilika, hata kama kilichomo ni kilekile.

Jibu 3
Hapo tusipotoshane: hashi isiyopatikana maana yake faili halijawahi kufika kule, basi. Na hata likiwepo na antivirusi zote za kule zikasema safi, kirusi kipya huchukua muda kutambuliwa. Kama haraka si kubwa, rudia kesho.

Ikiwa ni .docm au .xlsm, humo huenda mna makro (amri zinazojiendesha ndani ya hati). Usibonyeze Enable Content (kitufe cha kuziruhusu) hata hati ikikubembeleza.

Ila mimi ningeanza na simu. Mpigie huyo mtumaji kwa namba mliyonayo siku zote, si iliyo chini ya barua pepe hiyo, umuulize ametuma ankara namba ngapi na ya kiasi gani.