Naomba ushauri: jiko la maganda ya mise (kokwa za chikichi), mwali unaruka na kuzimika

Habari zenu wakuu. Niko Mwandiga, Kigoma, nakamua mawese. Nimechongewa jiko la bati zito la kuchemshia chikichi kwenye pipa, linatumia maganda ya mise (huku yamejaa, kuni ndizo ghali). Chini lina chekeche, juu karibu na mdomo lina matundu, na kifeni cha volti 12 kinasukuma hewa kote kuwili kupitia bomba moja.

Shida ni mwali. Nikiongeza feni, moto unapaa juu ya mdomo, unanguruma, kisha unazimika na kubaki moshi mweupe unaochoma macho. Nikipunguza, unatulia lakini unakuwa wa njano wenye masizi, na pipa halichemki. Ukishazimika, nikisogeza kijinga cha moto juu yake unashika tena kwa kishindo. Kwa hiyo gesi inayotoka kwenye maganda ipo, kinachonishinda ni hewa.

Nimeanika maganda vizuri, nimechekecha vumbi, nimeziba nusu ya matundu ya chini kwa udongo. Hilo la mwisho limesaidia kuliko yote, ila maganda yakiungua hadi nusu mambo yanarudi palepale. Fundi anataka nibadili feni, mimi sishawishiki.

Je, nitenganishe hewa ya chini na ya juu, kila moja na kilango chake? Na matundu ya juu yawe mengi madogo au machache makubwa? Mwenye vipimo vya jiko la namna hii anisaidie tafadhali.