Mrejesho: Nimekubali kuingia kwenye bodi ya shirika la afya ya akili

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama nikubali ujumbe wa bodi kwenye shirika la utetezi wa afya ya akili, maana niliwahi kulazwa kwa sonona na nilihofia wananitaka kwa ajili ya ushuhuda tu. Nimekubali.

Aliyeniambia niombe nyaraka kabla ya kusaini chochote, ubarikiwe sana. Katiba na kumbukumbu za vikao nilipewa upesi. Hesabu zilizokaguliwa zilichelewa, na zilipokuja ndipo nikaelewa kazi yenyewe: akaunti inaonekana imenona, kumbe sehemu kubwa ni fedha za wafadhili zenye masharti. Za mafunzo haziguswi kulipa mishahara wala pango. Mweka hazina alikaa nami akanipitisha mstari kwa mstari, bila dharau.

Kikao cha kwanza tu, rasimu ya kipeperushi ikaja na picha yangu, chini yake "aliyepona". Nikakataa papo hapo. Nikawakumbusha kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 4, unataka tushirikishwe kwenye maamuzi yanayotuhusu. Haujasema tupambe vipeperushi. Mwenyekiti akacheka, picha ikaondolewa.

Sasa niko kamati ya fedha (mimi, niliyekuwa nakimbia hesabu!). Kilichobaki ni mgongano wa maslahi: mjumbe mmoja ana kampuni inayoliuzia shirika huduma, na wakati wa kura hatoki nje. Nimeomba liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho.