Mdogo wangu ameitwa kazi Thailand, na ameambiwa Namanga aseme anaenda kumsalimia shangazi

Fundi wa Pasua, Moshi

Habari za saa hizi ndugu zangu. Nashona nguo hapa Pasua, na leo sindano imenichoma kidole mara mbili kwa mawazo. Naomba mnisaidie kabla ya Alhamisi.

Mdogo wangu ana miaka 24 na diploma ya kompyuta. Kazi ametafuta miaka miwili, akaishia kusaidia kwenye steshenari ya rafiki yake. Mwezi uliopita akapata mtu Telegram: huduma kwa wateja, Bangkok, dola 1,200 kwa mwezi, chakula na malazi juu yao. Usaili ulikuwa wa dakika kumi. Walitaka kujua anachapa kwa kasi gani na Kiingereza chake kikoje, cheti hawakukiuliza. Tiketi wamelipa wao, watamkata kidogo kidogo kwenye mshahara. Atasafiri kwa viza ya utalii, "ya kazi mtabadilishiwa hukohuko". Ndege ni ya Alhamisi kutoka Nairobi, na pale mpakani Namanga ameagizwa aseme anaenda Kitengela, Kenya, kumsalimia shangazi. Shangazi wa Kitengela hatuna.

Mama yuko Kibosho, ameshauza mtamba ili kijana awe na pesa ya njiani. Mimi peke yangu ndiye napinga, naonekana nina wivu. Ananiambia, "Dada, mimi ni mtu mzima, naenda kwa hiari yangu." Hapo nakosa jibu. Mtu akikubali mwenyewe, tena nchi ya mbali hivyo, sheria gani itamtetea?

Msaidizi wa kisheria, Ngaramtoni

Dada, nianze na hilo la hiari, maana hata watu wazima na elimu zao wanalikosea.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo, mkataba wa kimataifa dhidi ya biashara haramu ya binadamu, Novemba 2000, ikaanza kutumika Desemba 2003. Tanzania imeiridhia, na sheria yetu ya mwaka 2008 ya kupambana na biashara haramu ya binadamu imejengwa juu yake. Inauliza mambo matatu: mtu amefanywa nini (ametafutwa, amesafirishwa, amepokelewa), kwa njia gani (nguvu, vitisho, hila, kuitumia shida yake), na kwa lengo gani la kumnyonya. Hila ikiwepo, kukubali kwake hakumwokoi mtuhumiwa. Mdogo wako amekubali kuhudumia wateja. Kufungiwa hajakubali. Na kwa aliye chini ya miaka 18 hata hiyo njia haiulizwi, ndiyo maana binti wa miaka 13 anayetolewa kijijini kuja kutumikishwa ndani ya nyumba hapa Arusha naye anahusika, ingawa hajavuka mpaka wowote.

Sasa hiyo Bangkok. Njia yake inajulikana. Gari linalowapokea uwanjani haliishii mjini, linakwenda saa nyingi hadi Mae Sot, kisha wanavushwa mto Moei kuingia Myawaddy, Myanmar. Huko simu zinachukuliwa, mtu anawekwa mbele ya kompyuta kutapeli watu kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji hewa. Asiyefikisha kiwango anapigwa, na anayetaka kuondoka familia yake inadaiwa fedha. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema watu wasiopungua 120,000 huenda wameshikiliwa Myanmar kwa kazi hiyo, na wengine kama 100,000 Kambodia. Ndiyo maana walimpima kuchapa na Kiingereza!

Februari 2025 Thailand ilikatia umeme maeneo yale ya mpakani, maelfu wakatolewa, wakiwemo Wakenya na Waethiopia. Wengi walikaa wiki nyingi kambini wakingoja hati na nauli. Itifaki inaitaka nchi ya mtu impokee bila kumchelewesha, lakini itampokeaje mtu ambaye kwa karatasi yuko Kitengela kwa shangazi? Uongo huo unanitisha kuliko mengine yote. Afisa wa Uhamiaji pale Namanga ndiye wa mwisho wa nchi yetu ambaye angemuuliza swali.

Mama Wawili, Sakina

Mimi nilikwenda Ghuba kazi za ndani. Mkataba nilisaini wa Kiswahili, nilipofika nikapewa mwingine wa Kiarabu, na pasipoti ikaingia kabatini kwa mwajiri. Mwaka mmoja na miezi minne. Nilitoka kwa sababu namba ya ubalozi wetu nilikuwa nimeiandika kwa kalamu upindoni mwa kanga, siyo kwenye simu. Usigombane naye, dada. Anayesukumwa na nyumbani hutoroka usiku, halafu hatakupigia akiharibikiwa.

Dereva wa Noah, Usa River

Binamu yangu yuko Doha mwaka wa tano, amejenga. Tusiwatishe watu kwamba kila kazi ya nje ni utumwa. Ila yeye aliondoka na viza ya kazi mkononi, kupitia wakala mwenye leseni, na mkataba ulikuwa umeshapitiwa na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Mwambie kijana aombe vitu viwili tu: viza ya kazi na anwani ya ofisi.

Fundi wa Pasua, Moshi

Nimerudi. Jana jioni nilimpikia mtori, sikubishana. Nikamwomba awaandikie hayo mawili mbele yangu. Kwanza wakajibu nafasi zinajaa. Akauliza tena. Wakaanza kumtukana, wakataka arudishe dola 900 za tiketi, wakamtumia picha ya pasipoti yake mwenyewe kumtisha. Aliweka simu mezani akanyamaza mpaka mtori ukapoa. Hasafiri. Leo asubuhi tumepeleka mazungumzo yote polisi.

Lakini kwenye kundi lile kuna kijana mwingine wa hapa Moshi, tiketi yake ni ya Alhamisi hiyohiyo, na tangu jana hapatikani. Aliwahi kumwambia mdogo wangu kwamba anakaa Kiboriloni na kwamba mama yake anauza ndizi sokoni. Jina la kundini si lake. Aliye karibu na soko la Kiboriloni, tafadhali, awaulize wale mama kama kuna mwenye mtoto anayeaga wiki hii. Mimi nafunga cherehani saa tisa, naelekea huko.