Mjadala: Kikokotoo kiingie darasani kidato cha kwanza, au kibaki nyumbani?

Mwalimu wa hesabu, Temeke:
Wadau, sizungumzii kikokotoo cha mafao ya wastaafu, kile kina moto wake. Nazungumzia cha kubonyeza. Kila kikao cha wazazi naambiwa watoto waruhusiwe kuja nacho. Napinga, na ushahidi wangu ni namba moja: 4,294,967,297. Je, ni namba tasa? Mnaotetea, shikeni simu zenu mnijibu.

Fundi simu, Kariakoo:
Mwalimu wangu, hiyo nayo swali? Ni witiri, haiishii na 5, tarakimu zake zinajumlika 59 kwa hiyo 3 haiingii. Nimebonyeza 7, 11, 13, nimeendelea mpaka nimevuka 100. Haigawanyiki. Ni tasa, nina wateja.

Mwalimu wa hesabu, Temeke:
Umeshuka kabla ya kituo. Hata mwanahisabati Pierre de Fermat, miaka ya 1640, aliamini ni tasa. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Ndugu zake wadogo, yaani 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1, ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na wote ni tasa, akadhani na huyu pia. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Baadaye akathibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo zinaanza 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano umemaliza! Anayebonyeza tasa zote kwa mpangilio anafika 641 kwenye jaribio la 116. Kikokotoo hakimwambii aruke zipi.

Mzazi, Tabata:
Sawa Mwalimu, lakini kugawa tarakimu 10 kwa 449 kwa mkono ni adhabu. Mwanangu anakesha na kugawa kurefu, hayo matamu ya Euler hayafikii. Mpe mashine agawe, wewe mfundishe kuchagua.

Mwanafunzi, Mlimani:
Shikamooni. Kwa 641 hata kugawa hakuhitajiki. 641 = 5×2⁷ + 1, na pia 641 = 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo 5×2⁷ ni pungufu ya 641 kwa 1. Ipandishe kipeo cha 4, utapata 5⁴×2²⁸, nayo ukiigawa kwa 641 inabakiza 1. Lakini 5⁴ ni 641 toa 2⁴, kwa hiyo katika kugawa kwa 641 inabakiza sawa na −2⁴. Ukiiweka, −2³² inabakiza 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu. Ila mzazi ana hoja: njia hii inafaa ukishaijua 641.

Fundi simu, Kariakoo:
Dogo kaua! Lakini tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, ilitangazwa Oktoba 2024. Ina tarakimu 41,024,320. Nani aliipata kwa daftari?

Mwalimu wa hesabu, Temeke:
Marahaba, kijana. Fundi, mashine zilitumika, lakini hazikujaribu tasa mojamoja. Kuthibitisha kwamba ni tasa, zilipewa kipimo cha Lucas na Lehmer, wanahisabati waliokibuni kabla ya hizo kompyuta zako. Nakubali kikokotoo kuanzia kidato cha tatu, kwa sharti mtihani uulize pia kwa nini umechagua kigawo hicho.

Mzazi, Tabata:
Kidato cha tatu mbali. Cha pili?