Clandon Park: ijengwe upya au ibaki gofu?

Msafiri wa Guildford
Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Clandon Park, ile nyumba ya mabwana wa Onslow hapa Surrey, iliungua Aprili 2015. Hitilafu ya bodi ya umeme huko chini, moto ukapanda, hadi asubuhi paa hakuna. Wenye nayo ni National Trust, shirika la kutunza majumba ya kale, tangu 1956. Mwanzo walisema vyumba vikuu vya chini vitarudishwa kama vilivyokuwa, na bima ikalipa mamilioni. 2022 wakageuka: matofali yaliyoungua yabaki wazi, watu wapite kwenye vijia na kupanda juu kutazama. Gofu la kulipia kiingilio! Na hili ni jengo la kihistoria la daraja la kwanza linalolindwa na sheria, ambalo wewe ukitaka kubadili dirisha tu unaomba kibali. Picha zipo, vipimo vipo, na lipu ni lipu, fundi yeyote akipewa picha anainakili. Mnaonaje?

MamaZuu
Uliposema "bila kutukanana" nikajua matusi yako njiani. Dari la ule ukumbi wa marumaru lilimwagika lote. Ukilifinyanga leo ni dari la leo, si la Leoni, msanifu wake wa miaka ya 1730. Waingereza wenyewe walishagombana hapo zamani, William Morris akaanzisha chama chake 1877 kupinga watu wanaokwangua makanisa ya kale na kuyavisha ukale wa kubuni. Mtu akifa anazikwa, hachongewi sanamu ya nta ikakalishwa mezani.

Chenga Mbili
Kasri la Windsor je? Iliungua 1990 na kitu, mbona wameirudisha na mfalme anakula humo?

Kitukuu
1992. Na umejijibu mwenyewe, mfalme anakula humo.

Fundi Chokaa
Nilikuwa napita tu, lakini "lipu ni lipu" imenikwama kooni. Msafiri, umewahi kushika mwiko? Lipu ya nyumba zile si saruji ya kumwaga. Ni chokaa iliyolazwa miezi, mchanga na nywele za wanyama, tabaka juu ya tabaka, kisha mtu anapanda jukwaani anafinyanga maua na malaika kwa mkono kabla haijakauka. Uppark, nyumba nyingine ya kale kule Sussex, iliungua 1989, wakati mafundi wanamalizia paa kwa moto wa kuchomelea. Walipoamua kuirudisha ilibidi watu wajifunze upya kufinyanga kwa mkono, ufundi ulikuwa karibu kupotea. Ilifunguliwa 1995. Kwa hiyo mimi nasema ijengwe, lakini si kwa sababu yako. Ijengwe ili mikono ijifunze.

Msafiri wa Guildford
Kaka tunakubaliana halafu unanirukia? Nilimaanisha kitaalamu inawezekana.

Fundi Chokaa
Hukusema "inawezekana". Umesema "fundi yeyote". Miaka kumi na minne mgongo wangu unauma kwa hiyo "yeyote".

Bi Shemsa
Naomba niweke jambo moja. Uppark vitu vingi vilitolewa salama, pazia, picha, viti. Clandon vingi vimeteketea, kilichonusurika vizuri ni chumba kimoja tu, kile cha picha za Maspika. Sasa ukirudisha kuta utaweka nini ndani? Ukumbi mtupu wa futi arobaini?

Chenga Mbili
Maspika ndiyo nini tena?

Kitukuu
Ukoo ule ulitoa Maspika watatu wa Bunge. Arthur Onslow alikalia kiti miaka 33. Tuendelee.

Msafiri wa Guildford
Fundi, na mimi nimebeba zege Kariakoo kabla sijaja huku, usinifanye mtoto wa ofisini.

Mwinyi wa Shangani
Zege umeleta wewe sasa. Huko kwetu Unguja saruji ndiyo iliyoua nyumba. Ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua, mtu anakuja na mfuko wa saruji anauziba, maji yanabaki ndani. Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, sehemu yake imedondoka Krismasi ya 2020 tunaitazama. Fundi Chokaa, mimi niko na wewe, salamu zako.

Fundi Chokaa
Ahsante sana mzee wangu. Umesema kweli tupu.

Kitukuu
Mnalilia lipu, hakuna aliyeuliza pesa ya lipu ilitoka wapi. Mke wa yule Onslow aliyejenga, Elizabeth Knight, alirithi mali ya Jamaica. Sukari. Mnajua nani walikata miwa. Mimi ibaki gofu, na niwekewe benchi nilitazame.

MamaZuu
Basi na piramidi tubomoe. Mimi nataka gofu kwa sababu ya ukweli wa jengo, usinichanganye na hasira zako.

Kitukuu
Hasira zangu? Dada, wewe ndiye umeleta maiti na nta.

Bi Shemsa
Samahani, swali langu la ndani utaweka nini…

Chenga Mbili
Hivi ni kweli kulikuwa na nyumba ya Wamaori humo bustanini? Au nimeota.

Kitukuu
Hukuota. Hinemihi. Ilijengwa Te Wairoa, New Zealand, na mlima Tarawera ulipolipuka 1886 watu walijificha humo wakapona. Bwana Onslow wa nne, aliyekuwa gavana huko, akainunua kwa paundi 50 akaja nayo kama kumbukumbu ya safari. Moto wa 2015 haukuigusa. Kasri limeungua, kibanda kimebaki.

MamaZuu
Si kibanda, ni nyumba ya mikutano, na kwao ni bibi, ana jina. Trust walikubali nakshi zirudi kwao, na huku wachongewe mpya.

Msafiri wa Guildford
Hiyo fungua uzi wako. Tena umeona? Nakshi mpya huko zinakubalika, lakini dari jipya la Leoni ni sanamu ya nta!

MamaZuu
Zile wanachonga wenyewe, wajukuu wa waliochonga. Leoni ana wajukuu Guildford?

Fundi Chokaa
Mimi hapa.

Mwinyi wa Shangani
Hahaha! Fundi, niambie basi, hizo nywele ni za mnyama gani? Sisi chokaa yetu ya matumbawe hatutii nywele.

Fundi Chokaa
Zamani ng'ombe, siku hizi mbuzi. Zikatwe fupi, na usizitie chokaa ikiwa bado ya moto, zinaliwa zote. Tanuri lenu mnachoma kwa kuni gani?